Zawadi na Chambo

Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, anaishi Dundee katika Uskoti, mwendo mfupi wa gari kutoka mji wa St Andrews, ambako wapenzi wa gofu huenda kwa unyenyekevu unaokaribia ule wa ibada. Yeye mwenyewe hajawahi kuishika fimbo ya gofu. Lakini ana jicho la biashara, na aliona kuwa kila aendaye huko hutafuta kitu cha kumpelekea baba, mume au mkubwa wa kazi aliyebaki nyumbani. Akafungua tovuti ya kuuza zawadi za wachezaji wa gofu. Kisha akaniandikia mimi mjomba wake akiniomba mambo mawili. La kwanza, nimfasirie kurasa zake kwa Kiswahili, kwani gofu si ngeni katika Afrika ya Mashariki. Klabu ya Royal Nairobi ilianzishwa mwaka 1906, na siku hizi wachezaji wenyewe ni watu wetu. La pili, nimtungie vijimakala arubaini. "Si lazima viwe na maana kubwa, mjomba," aliandika. "Muhimu maneno 'zawadi za gofu' yajirudie ndani yake, ili mtambo wa kutafutia utuone na wageni waje."

Barua hiyo nilikaa nayo wiki nzima bila ya kuijibu, na sababu haikuwa uvivu. Kompyuta hii ninayoiandikia aliniletea yeye, alipokuja kututazama miaka mitatu nyuma. Aliiweka mezani akasema tu, "Vidole vyako vimechoka na kalamu, mjomba." Katika barua yake hakuitaja kompyuta hata kwa fumbo. Aliyeitaja ni moyo wangu. Ndipo liliponijia suali ambalo nataka tulizingatie hapa: zawadi inakoma wapi na chambo kinaanzia wapi? Na je, kitu kimoja chaweza kutolewa kwa nia ya zawadi, kikapokelewa kama chambo?

Lugha yetu haikosi majina ya vitu vinavyotoka mkono mmoja kwenda mwengine. Kuna zawadi, hidaya, tunu, tuzo, bahashishi, sadaka. Na ng'ambo ya uchochoro huo huo kuna hongo, rushwa na mlungula, majirani wanaosikia kila kinachosemwa upande wa pili. Neno zawadi tumelipokea kutoka Kiarabu, na mzizi wake ni ule wa masurufu ya msafiri; pengine ndiyo maana mtoto akimwona baba yake anashuka botini huidai zawadi yake kabla ya kutoa salamu. Katika kuzifasiri zile kurasa nilikwama penye maneno mawili ambayo katika Kiingereza cha biashara hukaa pamoja bila ya kugombana: zawadi ya bure. Nilipoyaandika nilicheka peke yangu. Zawadi isiyokuwa ya bure ni ipi? Mwenye kutangaza huliongeza neno "bure" kwa kuwa anajua msikilizaji ameshaanza kushuku. Lau samaki angekuwa na masikio, hilo ndilo neno la kwanza ambalo mvuvi angemwambia.

Kuhusu gofu yenyewe sikujua lolote. Wazee walikuwa wakitusimulia kuwa wakubwa wa Kiingereza wakiucheza mchezo huo pale Mnazi Mmoja, na elimu yangu ilikomea hapo. Lakini mtu ambaye elimu yake yote ameiokota vitabuni haoni haya kuanza alifu, basi nikaanza. Nikajifunza kwamba mchezaji haruhusiwi kuchukua zaidi ya fimbo 14 katika mchezo. Kwa hivyo anayemletea ya kumi na tano amemletea mzigo, kwani lazima moja ibaki nyumbani. Fimbo hupimwa kwa urefu wa mtu, kwa mikono yake na kwa namna anavyopiga, kama nguo inavyopimwa na fundi. Glovu huvaliwa moja tu, na anayepiga kwa mkono wa kulia huivaa kushoto. Mpira kwa kanuni hauzidi gramu 45.93, na upana wake haupungui milimita 42.67, lakini ndani ya mipaka hiyo kuna migumu na milaini, na mchezaji akishauzoea mmoja haubadilishi kwa urahisi.

Kwa hali hiyo, asiyemjua mchezaji humnunulia nini? Humnunulia kikombe chenye picha ya mpira wa gofu. Humnunulia soksi, tai, kishikio cha funguo. Nimevifasiri vyote hivyo, kimoja baada ya kimoja, na kadiri nilivyoendelea niliona kuwa vinasema jambo moja: nimesikia kuwa unacheza gofu. Kusema "nakujua" ni kitu kingine kabisa. Mwenye kutoa glovu inayoenea amewahi kuutazama mkono wa mtu, na kule kutazama ndiko sehemu kubwa ya zawadi. Ngozi na uzi ni nyongeza. Nikalikumbuka lile neno la mpwa wangu juu ya vidole vyangu. Alikuwa amevitazama.

Nilikutana pia na dasturi moja ya Japani ambayo siwezi kuiacha bila ya kuitaja. Mchezaji wa huko akiutia mpira shimoni kwa pigo moja tu tangu mwanzo, bahati ambayo wengi hufa hawajaipata, hutarajiwa yeye ndiye awafanyie wenziwe karamu na kuwagaia zawadi. Gharama yake ni kubwa hata yako makampuni yanayouza bima kwa ajili hiyo. Bima dhidi ya bahati njema! Hapo zawadi imeshakuwa kodi, na mtoaji anaiogopa kama watu wengine wanavyouogopa moto.

Lakini zawadi iliyonishughulisha zaidi haikununuliwa dukani. Mwezi wa Septemba 1969, katika kiwanja cha Royal Birkdale karibu na Southport, Uingereza, timu ya Marekani na ya Uingereza zilikuwa zikishindania kombe la Ryder. Zilifika shimo la mwisho la mchezo wa mwisho zikiwa sawasawa kwa pointi. Mmarekani Jack Nicklaus akautia mpira wake. Mwingereza Tony Jacklin, kijana wa miaka 25, alibakiwa na masafa kama ya hatua moja. Masafa hayo ni mafupi, lakini wachezaji wanasema mafupi ndiyo yanayovunja mioyo, na nchi yake nzima ilikuwa ikimtazama. Nicklaus akainama, akaiokota alama iliyowekwa pale mpira wa Jacklin ulipokuwa, ishara ya kuwa amemsamehe pigo lile. Matokeo yakawa 16 kwa 16, sare ya kwanza tangu mashindano hayo yaanze mwaka 1927. Kombe lilibaki kwa Wamarekani kwa kuwa wao ndio waliokuwa wakilishikilia.

Sam Snead, nahodha wa Marekani, hakufurahi, na mimi sithubutu kumlaumu. Nusu ya alichokitoa Nicklaus kilikuwa mali ya wenzake. Methali inasema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Lakini haisemi kutoa cha jirani.

Tena liko jambo linaloitatiza hoja niliyokuwa nikiijenga. Nilikuwa tayari kuandika kuwa alama ya zawadi ni kwamba mpokeaji anaweza kuikataa. Chambo hakina mlango wa kutokea, na zawadi unao. Kisha nikaisoma kanuni. Aliyesamehewa pigo hana ruhusa ya kuukataa msamaha, na aliyesamehe hana ruhusa ya kuurudisha nyuma. Jacklin hata angetaka kupiga, shimo lilikuwa limeshahesabiwa. Basi kuwa na uhuru wa kukataa si alama ya kutosha. Nilichobaki nacho ni hiki: pale Birkdale mtoaji alikijua hasa kile alichomwondolea mwenziwe, maana yeye mwenyewe aliwahi kusimama mbele ya masafa kama yale, na baada ya kutoa hakukuwa na kitu alichokuwa akikingoja.

Nije kwa wageni. Wanaofungua kurasa za tovuti nasi tunawaita wageni, na kwa kuwaita hivyo tumejifunga wenyewe, kwani katika Kiswahili mgeni ana haki. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni hupiga hodi, na mwenyeji hujibu karibu. Hakuna mwenyeji anayetoka akavuta watu mikono barabarani. Wanaofanya hivyo bandarini tumewapa jina lao, papasi, na papasi kwa asili ni mdudu anayeng'ang'ania ngozi akafyonza.

Hata hivyo nisiwe mkali kupita kiasi. Muuza kahawa akipita jioni huviliza vikombe vyake, na sauti ile huwatoa watu barazani. Je, naye ni papasi? La. Mlio wa vikombe unasema kuna kahawa, na kahawa ipo. Mwenye duka jipya ana haki ya kulia, tena ana haja, maana asipolia atafunga. Mpwa wangu ana watoto wawili na kodi ya nyumba, na mkono mtupu haulambwi.

Ubaya unaingia pale mlio unapotengwa na birika. Google ilipoanzishwa mwaka 1998, hekima ya mtambo wake ilikuwa kuuhesabu ukurasa kuwa wa maana iwapo kurasa nyengine nyingi zinauelekeza. Kila kiungo kilikuwa mfano wa ushahidi wa mtu aliyepita akaona. Haukupita muda ushahidi ukaanza kununuliwa na kuuzwa. Mwezi wa Februari 2006 Google iliiondoa katika majibu yake tovuti ya BMW ya Ujerumani, kampuni isiyokosa umaarufu, kwa kuwa ilikuwa na kurasa zilizotengenezwa kwa ajili ya mtambo peke yake: mtambo ulionyeshwa maneno ya magari yaliyotumika yakijirudia na kujirudia, na mtu wa kweli akifika hupelekwa ukurasa mwengine kabisa. Tovuti ilirudishwa baada ya siku chache, kurasa zile zilipoondolewa. Vijimakala vyangu arubaini vingekuwa ndugu wadogo wa kurasa hizo. Nimeandika mashairi mengi ambayo hayakusomwa na mtu. Lakini sijawahi kuandika neno kwa kukusudia lisisomwe.

Nasi hapa nchini tuliwahi kulijaribu jambo hili kwa sheria. Mwaka 2000 sheria ya uchaguzi ya Tanzania ilirekebishwa ikaruhusu takrima, yaani kile ambacho mgombea anawakirimu watu kwa nia njema kwa mujibu wa mila. Neno zuri sana, takrima. Limetoka katika ukarimu. Lakini pilau ya kampeni hupikwa miaka mitano mara moja, na mpikaji anajua idadi ya kura zilizokaa mkekani. Mwaka 2006 Mahkama Kuu ilitamka kuwa vifungu hivyo vinakwenda kinyume na katiba. Nia njema haikuweza kupimwa, na sinia liliweza.

Sasa nirudi Birkdale, kwani kisa hakikuishia pale. Mwaka huo huo wa 2006, karibu na Bradenton katika Florida, kilifunguliwa kiwanja cha gofu kilichobuniwa na Nicklaus akishirikiana na Jacklin, nacho kiliitwa The Concession, kwa kumbukumbu ya pigo lile lililosamehewa. Baada ya miaka 37 zawadi ikawa jina la langoni, na jina la langoni kazi yake ni kuita wateja. Niliposoma hayo kwanza niliudhika, kama mtu aliyemkuta rafiki yake akiuza barua alizoandikiwa na mamaye. Kisha nikapoa. Aliyeinama mwaka 1969 hakuwa na kibao akilini, na kibao cha 2006 hakiwezi kurudi nyuma kikamwinamisha upya. Tena wenye kisa ni wao wawili, mtoaji na mpokeaji, na waliliweka jina lile pamoja. Angeliweka mmoja peke yake, na khasa mtoaji, ningesema mengine.

Hapo nikaona kuwa niliidhulumu ile kompyuta. Mpwa wangu hakuipachika kibao chochote. Kibao nilikichonga mimi, kwa kuwa ombi lake la pili lilinichukiza na nilikuwa nikitafuta namna ya kumkasirikia.

Nilimwandikia. Kurasa zake nilimfasiria zote bila ya malipo, isipokuwa neno "bure", ambalo nililiacha nje kila lilipotokea. Vijimakala arubaini nilimwambia sitaviandika. Badala yake nilimtungia ukurasa mmoja wa kumsaidia mke au mtoto kununua glovu kwa siri: aupime mzunguko wa mkono penye vifundo vya vidole, bila ya kidole gumba, kisha urefu wa kidole cha kati, na ahakikishe kwanza mtu wake anapiga kwa mkono upi. Alinishukuru kwa adabu. Vile arubaini alivinunua kwa mtu mwengine, kwa bei ndogo, na ukurasa wangu uko hapo katikati yao. Anasema wageni bado ni wachache.

Mwezi ujao kuna jirani anasafiri kwenda Uskoti, na nimeona nimpelekee mpwa wangu kofia ya viua, ya kazi nzuri, ya mkono. Mshonaji aliniuliza kipimo cha kichwa chake. Nilisimama pale dukani nikimfikiria kijana niliyembeba mgongoni, na jibu sikuwa nalo.