Mcheza Kwao Hutuzwa?

Wahenga walisema: Mcheza kwao hutuzwa. Neno hili twalisema kwa furaha, maana ni jambo jema mtu kushangiliwa na watu wake. Lakini lina upande wa pili. Mgeni naye, aliyecheza vizuri ugenini, atatuzwa na nani? Na akiona ametuzwa pungufu, yampasa kufanya nini? Juma hili twapenda kulitafakari swali hilo kwa kuyatazama maisha ya binti mmoja wa Korea ya Kusini, Yuna Kim, aliyekuwa bingwa wa dunia wa kucheza juu ya barafu.

Wasomaji wetu wengi hawajapata kuuona mchezo huo uwanjani. Mchezaji huvaa viatu vyenye chuma chembamba chini ya nyayo, akateleza kwa kasi huku muziki ukipigwa. Katikati ya mwendo huruka, akazunguka hewani mara tatu kabla ya kufumba na kufumbua, kisha akatua kwa mguu mmoja na kuendelea kana kwamba si kitu. Uzuri huo wa dakika nne hununuliwa kwa miaka mingi ya kuanguka.

Kim alizaliwa mwaka 1990, akaanza kuteleza angali mtoto mdogo. Katika nchi yake wakati huo viwanja vya kufanyia mazoezi vilikuwa vichache, na mama yake ndiye aliyekuwa akimpeleka na kumrudisha. Maumivu ya mgongo yalimsumbua mapema. Mwaka 2008 yeye na mama yake walibatizwa katika Kanisa Katoliki, naye akapewa jina la Stella. Mwaka 2009 akawa bingwa wa dunia. Mwaka 2010, huko Vancouver, akiwa na umri wa miaka 19, alitwaa nishani ya dhahabu ya Olimpiki kwa alama 228.56, ambazo hakuna mwanamke aliyekuwa amepata kuzifikia.

Aliyemfundisha wakati huo alikuwa Brian Orser wa Kanada. Huyu naye alikuwa na habari yake. Mwaka 1988 Olimpiki ilifanyika Calgary, katika nchi yake mwenyewe, naye alitazamiwa kushinda. Waamuzi walikuwa tisa. Watano walimpendelea Brian Boitano wa Marekani, wanne wakamtaka Orser. Mcheza kwao siku ile hakutuzwa dhahabu.

Mwaka 2014 zamu ikamfikia mwanafunzi wake. Huko Sochi, Urusi, Kim alicheza wa mwisho usiku ule wala hakuanguka. Alipata alama 219.11. Dhahabu ilikwenda kwa Adelina Sotnikova, Mrusi wa miaka 17, aliyepata 224.59. Watu zaidi ya milioni moja walitia sahihi zao kudai hukumu ichunguzwe. Viongozi wa michezo wa Korea walipeleka mashtaka, nayo yakakataliwa mwaka uo huo. Lakini Kim mwenyewe aliyakubali matokeo hadharani, akaacha mashindano.

Sisi hatutaki kujifanya mwamuzi wa kumi. Yafaa kukumbuka kwamba Sotnikova aliruka miruko saba ya mizunguko mitatu, na Kim sita. Msichana yule alifanya yote aliyotakiwa kufanya, na kumtukana yeye kwa hukumu ambayo hakuitoa ni udhalimu mwingine. Lakini twauliza: je, Kim alifanya vema kunyamaza? Mwingine atasema kwamba anayenyamaza mbele ya hukumu yenye shaka aisaidia shaka hiyo iendelee.

Twaona kwamba hapa yapasa kutenganisha mambo mawili. Mtu aweza kuiachilia haki yake mwenyewe, na akifanya hivyo kwa moyo mweupe, hakuna wa kumlaumu. Asiyekubali kushindwa si mshindani. Lakini hawezi kuiachilia haki ya mwenzake, kwa sababu si mali yake. Saburi ya aliyeshindwa ni fadhila yake yeye. Haimpi mwamuzi ruhusa ya kupima vibaya.

Na katika mchezo huu mambo hayo yalionekana wazi. Baada ya fitina ya mwaka 2002 huko Salt Lake City, ambapo mwamuzi mmoja alisema ameshurutishwa, iliwekwa kanuni ya kuficha alama za kila mwamuzi, ili asiogopeshwe na mtu. Kusudi lilikuwa jema. Lakini huko Sochi majina ya waamuzi yalijulikana, ila haikujulikana nani ametoa alama gani. Pazia lililowekwa kumkinga mwaminifu laweza kumkinga na asiye mwaminifu. Mwaka 2016 kanuni hiyo ikaondolewa. Basi kumbe yawezekana mchezaji akubali kushindwa, na wengine waendelee kudai mizani iliyo wazi, wala pasiwe na ugomvi kati ya mambo hayo mawili.

Enyi wazazi, jambo hili si la barafuni tu. Mtoto wenu akirudi nyumbani na nafasi ya pili, na ninyi mwaamini alistahili ya kwanza, msimfundishe kumchukia aliyeshinda. Mwulizeni kwanza kama alifanya kazi yake sawasawa. Ikiwa mwaona kosa, mwendeeni mwalimu kwa adabu, na msemee pia mtoto wa jirani asiye na mtu wa kumsemea. Na wewe mzee unayeketi barazani kuamua shauri la ndugu yako na mgeni, kumbuka kwamba mgeni naye ana kwao, naye atapeleka huko habari ya mizani yako.

Mwaka 2018 Olimpiki ilipofika Pyeongchang, Korea, Kim ndiye aliyewasha mwenge mbele ya watu wake. Wengi walikuwa wangali na uchungu wa Sochi. Yeye alikuja na viatu vyake vya barafu, akacheza kidogo, akawasha moto, na wageni wa nchi zote, Warusi wakiwamo, wakaanza kushindana.