Sadaka Yetu na Ndugu wa Meru na Embu

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na masahaba wake.

Ama baad. Ndugu zetu Waislamu, kila siku magari hushuka kutoka milima ya Nyambene kuja miji yetu ya pwani yakiwa yamepakia miraa, na pesa zetu hupanda kwenda Meru kwa njia hiyo hiyo. Hukumu ya miraa si makusudio yetu leo. Tutakalo ni kuuliza: katika pesa hizo zipandazo, ni ngapi zipandazo kwa ajili ya Mwenyezi Mungu?

Tazameni waliotoa. Pale Maua, katikati ya nchi ya miraa, ipo hospitali iliyojengwa na Wamethodisti. Watu hao walianza kazi yao Ribe, jirani yetu hapa nyuma ya Mombasa, mwaka 1862, na mwaka 1912 wakafika Meru. Chogoria, Kanisa la Scotland lilianza hospitali mwaka 1922. Mapadri wa Consolata, ambao asili yao ni mji wa Turin, waliingia Kenya mwaka 1902, na leo kuna hospitali za jina hilo Nkubu katika Meru na Kyeni katika Embu. Na kila palipo na hospitali, hapakukosekana skuli. Nasi je? Wafanya biashara wa pwani walizifika pande za Mlima Kenya kutafuta pembe kabla ya hao wote. Pembe zilishuka; hospitali hatukupandisha.

Hatusemi haya kwa husuda. Mwenye kufanya jema husifiwa kwa jema lake. Twasema ili tujue siri ya kazi yao, nayo si utajiri. Ni mchango mdogo mdogo wa watu wengi, ulioandikwa daftarini na usiokatika mwaka hata mwaka.

Huenda mtu akasema, "Sheikh, zaka ya mji ni ya maskini wa mji." Kweli. Hiyo ndiyo kauli yenye nguvu katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi, na mafungu manane ya wenye kustahiki yametajwa katika Suratu Tawba. Lakini sadaka na wakfu havikuwekewa mpaka wa mji, wala sadaka haikuharimishwa kwa asiyekuwa Mwislamu. Suratul Insan imewasifu wanaomlisha maskini, yatima na mfungwa, na wafasiri wengi wameeleza kuwa mfungwa wa zama hizo alikuwa mshirikina. Basi tutamnyimaje dawa jirani wa Embu?

Tena tusidhani kuwa wakfu ni wa msikiti peke yake. Sayyidna Umar aliiweka wakfu ardhi yake ya Khaybar, na mazao yake yakawa ya mafakiri, jamaa, wageni na wasafiri. Na katika zama zetu, tabibu mmoja wa Kuwait, Dokta Abdulrahman Al-Sumait, aliasisi mwaka 1981 jumuiya ya kuwasaidia watu wa Afrika kwa skuli, visima, tiba na malezi ya mayatima, akaishughulikia mpaka karibu na kufa kwake mwaka 2013. Mtu mmoja alianza; je, sisi mji mzima?

Kwa hivyo twanasihi mambo matatu. Kwanza, kila darasa liwe na sanduku na daftari, na hesabu isomwe mbele ya watu, kwani amana isiyoandikwa huzaa fitina. Pili, tuwaulize Waislamu wa Meru na Embu, ambao ni wachache na wanaijua nchi yao, haja ni ipi: karo ya yatima, au deni la mgonjwa, au mshahara wa mwalimu. Tusipeleke tupendacho sisi. Tatu, mwenye nyumba au shamba aweke wakfu sehemu yake, ili thawabu isikatike afapo.

Na tujihadhari na masimango. Hatuendi kuinunua dini ya mtu kwa kidonge. Twatoa kwa kuwa tumeamrishwa, na uwongofu ni wa Mungu.

Ewe Mola, tutakasie nia zetu na mali zetu. Amin.