Uhuru na Goti

Mtu mzima akitaka kuhatarisha mwili wake mwenyewe, nani wa kumzuia? Swali hilo limo hata katika mashindano ya kuteleza thelujini. Skii, yaani zile mbao ndefu zifungwazo miguuni, zikichongwa nyembamba katikati hukata kona kali. Ukingo huuma barafu, na goti ndilo hubeba mzigo. Kwa msimu wa 2012/13 Shirikisho la Kimataifa la Skii liliagiza skii za wanaume za slalomu kubwa ziwe na mpindo mpana zaidi: nusukipenyo cha mita 35 badala ya 27. Ted Ligety wa Marekani alipinga vikali. Kisha, Oktoba 2012, akashinda Sölden, Austria, kwa sekunde 2.75. Mwaka 2017 kipimo kilirekebishwa kuwa mita 30.

Je, wachezaji walinyang'anywa uhuru? Sidhani. Mwenda pole hajikwai, walisema wahenga. Lakini mashindanoni mwenda pole huachwa nyuma. Nani basi angechagua usalama peke yake? Katika miaka yangu ya ualimu mkuu niliona kwamba kanuni ya wote humlinda hata yule anayeona haya kujilinda.