Kushukuru Kabla ya Kuachia

Nilipoanza kazi gazetini, nilipewa jukumu ambalo wakubwa hawakulitaka: kusahihisha matangazo ya vifo na shukrani. Familia zilileta picha ya marehemu pamoja na karatasi iliyoandikwa kwa mkono, na maneno karibu yote yalifanana. Wanawashukuru madaktari na wauguzi, majirani, waliochimba kaburi, waliopika. Mimi nilikuwa naweka nukta na mikato tu, huku nikijiuliza: hivi mtu aliyezika juzi anapata wapi nguvu ya kusema asante?

Miaka michache baadaye baba yangu alifariki, kwetu Tanga. Kila aliyeingia msibani alinishika mkono na kusema, "Kazi ya Mungu haina makosa." Nikaitikia, maana ndivyo inavyotakiwa. Ila moyoni nilikuwa na hasira. Kama haina makosa, mbona inauma hivi? Mpaka leo naamini kwamba neno hilo likisemwa haraka mno linamnyima mfiwa haki ya kuuliza. Na kuuliza si kukufuru. Anayemuuliza Mungu bado anaamini kwamba yupo wa kumsikia.

Ilipofika arobaini, vitu vya baba viligawiwa. Koti alipewa mdogo wake, kanzu wakapewa majirani, baiskeli akachukua mpwa wake. Mimi nikaificha redio. Ilikuwa redio ndogo ya betri, ambayo kila saa mbili usiku ilitunyamazisha nyumba nzima ili baba asikilize taarifa ya habari. Nadhani uandishi wangu ulianzia hapo. Nikaifunga kwenye kitambaa na kuiweka chini ya nguo zangu.

Mama alikaa eda miezi 4 na siku 10. Zamani niliiona eda kama kifungo. Safari hii nikaona kitu kingine: ina mwanzo na ina mwisho. Hakuna aliyemwambia mama asahau. Alipewa muda wa kukaa na huzuni yake, na muda ule ulipokwisha, akatoka.

Siku chache baada ya kutoka aliniuliza, "Mwanangu, ile redio unaisikiliza?"

Kumbe alijua muda wote. Nikamwambia hapana, hata betri haina.

"Basi unaitunzia nini? Baba yako hakuwahi kuiacha ikae kimya."

Sikuwa na jibu.

Mwaka uliofuata tulikuwa na sherehe ya kumuaga mdogo wangu, anaolewa. Nikawaza jinsi Kiswahili kinavyotumia neno moja: bibi harusi anaagwa, marehemu naye anaagwa. Mama alipopewa kipaza sauti, nilitegemea mawaidha ya kawaida kuhusu uvumilivu wa ndoa. Badala yake alianza kuhesabu. Asante kwa maji uliyonichotea tangu una miaka saba. Asante kwa kumlisha baba yako uji alipokuwa hawezi tena kushika kijiko. Akataja mambo kama kumi hivi, madogo madogo, halafu akasema, "Haya, nenda mama." Akakaa chini, akalia.

Hapo ndipo nilipoyaelewa yale matangazo ya gazetini. Waliokuwa wanashukuru hawakuwa wanashukuru kwa kifo. Walikuwa wanataja walichopokea, mmoja mmoja, kabla ya kufunga hesabu. Na hilo ndilo jibu langu kwa wale wanaotuhimiza tushukuru kwa kila jambo: mimi sishukuru kwamba baba amekufa, nashukuru kwamba alikuwepo. Mama aliyezika kichanga, au mwanamke aliyetoka kwenye ndoa ya vipigo, hana deni la kumshukuru mtu kwa maumivu yake. Ila mwenye kitu cha kukitaja, na akitaje. Ukiachia bila kushukuru, unakuwa umetupa tu.

Shaaban Robert alimlilia mkewe katika shairi linaloitwa kwa jina lake, "Amina". Baadaye akaandika habari za maisha yake, na sehemu ya pili akaiita *Baada ya Miaka Hamsini*. Alizaliwa 1909, akafariki 1962. Yaani baada ya hamsini ilibaki miaka mitatu tu. Nikikumbuka hilo naona kwamba hakuna anayejua hatua ipi ya maisha yake ndiyo ya mwisho, na kwamba shukrani si kitu cha kuwekea akiba hadi msibani. Mimi baba nilimshukuru akiwa kaburini. Hilo linaniuma kuliko kifo chenyewe.

Redio nilimpa mzee anayelinda ghala mtaani kwetu. Nilinunua na betri mpya. Kabla sijamkabidhi nilikaa nayo chumbani na kumwambia baba kwa sauti yale niliyopaswa kumwambia mapema. Nikienda Tanga, saa mbili usiku huwa napita pale. Mzee hunionyesha kidole mdomoni, ninyamaze, taarifa ya habari imeanza.