Waya Mwembamba

Moyo uliodhoofika mara nyingine hupoteza pia mwafaka wa mapigo yake. Umeme unachelewa kufika upande wa kushoto, chemba mbili za chini zinakaza kwa kupishana badala ya pamoja, na damu inayosukumwa inapungua. Mgonjwa anahema kwa kupanda ngazi chache, miguu inavimba, usiku analala ameegemea mito. Mwaka 2001 Marekani iliidhinisha kifaa cha kuzipatanisha chemba hizo. Wengi waliowekewa wamerudi kutembea na kufanya kazi, na tiba hii naiheshimu sana.

Kifaa chenyewe hupachikwa chini ya ngozi, karibu na mtulinga. Kutoka hapo nyaya, kwa kawaida tatu, hupitishwa ndani ya mshipa mkubwa hadi moyoni. Wa tatu hupenyezwa kwenye mshipa wa moyo wenyewe ili uufikie upande wa kushoto. Betri ikiisha, daktari hubadilisha kifaa. Nyaya hubaki mle mle, zikipindwa na kila pigo, takriban mara 100,000 kwa siku. Yeyote aliyewahi kutupa chaja ya simu anajua panapoharibika kwanza: panapokunjwa.

Mwaka 2004 kampuni ya Medtronic ya Minnesota ilileta sokoni waya ulioitwa Sprint Fidelis, wa kuushtua moyo unapoanza kutetemeka ovyo. Ulitumika pia kwenye vifaa vya kupatanisha chemba vyenye uwezo huo wa kushtua. Unene wake ulikuwa kama milimita 2.2, wakati uliotangulia ulikaribia 2.7. Madaktari waliupenda, kwani ulipita kwenye mshipa kwa urahisi. Ulikubaliwa kama marekebisho ya waya wa zamani, bila majaribio yake yenyewe kwa wagonjwa. Hapo ndipo kosa lilipozaliwa. Wepesi wa kuingiza ulionekana siku ile ile ya upasuaji; uimara ulihitaji miaka, na hakuna aliyetaka kuingoja.

Nyaya zikaanza kukatika ndani ya watu. Waya uliokatika hutoa kelele za umeme, kifaa kikadhani moyo unatetemeka, nacho kikampiga shoti mtu aliye macho, asiye na hatari yoyote. Wengine walipigwa shoti moja baada ya nyingine, wasijue lini zitakoma.

Daktari Robert Hauser wa Minneapolis, mji jirani kabisa na makao ya kampuni hiyo ya wakati huo, aliona kasoro hii kwa wagonjwa wa hospitali yake, akaiarifu kampuni, kisha akaandika katika jarida la kitaalamu mwaka 2007. Machi mwaka huo kampuni iliwaandikia madaktari barua iliyotaja namna ya kuuweka waya kuwa huenda ndiyo sababu. Mashaka yakaelekezwa kwenye mikono ya wapasuaji, na mauzo yakaendelea kwa miezi mingine. Oktoba 2007 waya ukaondolewa sokoni. Kufikia hapo nyaya zipatazo 268,000 zilikuwa zimewekwa duniani.

Kuondoa sokoni ni rahisi. Kuondoa moyoni ni jambo jingine. Waya ukikaa, kovu huuzunguka na kuushikiza kwenye ukuta wa mshipa na wa moyo, na kuuvuta kunaweza kupasua vyote viwili. Mwaka 2009 kampuni ilisema vifo 13 huenda vilichangiwa na waya huo, vinne kati yake vikitokana na majaribio ya kuutoa. Kwa wengi ushauri ulikuwa uachwe, na kifaa kiwekewe programu ya kutambua mapema dalili za kukatika. Waliishi hivyo, wakisubiri mlio wa tahadhari.

Mahakamani wagonjwa walikuta mlango umefungwa: Mahakama Kuu ya Marekani ilikuwa imeamua Februari 2008, katika kesi ya kifaa kingine cha kampuni hiyo hiyo, kwamba idhini kamili ya serikali huzuia madai mengi ya wagonjwa dhidi ya mtengenezaji. Hata hivyo mwaka 2010 Medtronic ilikubali kulipa dola milioni 268 kuyamaliza maelfu ya madai, bila kukiri kosa.

Wala kasoro za nyaya hazikuishia hapo: Aprili 2012 kampuni nyingine, St. Jude Medical, ilisitisha kuuza QuickSite na QuickFlex, nyaya zilizotengenezwa mahsusi kwa upande wa kushoto wa moyo. Ganda lake la silikoni lilikuwa likisagika, na nyuzi za ndani zikitokeza nje.