Mwenye Kukosoa na Mwenye Kutetea

Wako wasemao kwamba mwenye kuitia ila demokrasia hawezi kuitetea. Twawajibu kwa khabari ya Ujerumani. Tarehe 23 Machi 1933 Bunge, hali wabunge Wakomunisti wamezuiwa, lilimpa Hitler kwa kura 444 dhidi ya 94 uwezo wa kutunga sheria peke yake. Mwezi huo huo taasisi ya Frankfurt, ya kina Horkheimer, waasisi wa nadharia ya uhakiki, ilifungwa: kwa Uyahudi wao, na kwa kukosoa kwao pia. Wenye kusifu hawakuguswa.

Naye Adorno, mwenzao, mwaka 1969 aliwaita polisi wawatoe wanafunzi walioingia katika taasisi hiyo. Wapo wamchekao. Mimi simcheki. Aliyepata kuyaona makundi ya vijana wa Hitler hakudhani kuwa kila kishindo ni uhakiki.