Artikle 15 haikuvuka mpaka

Kila Mkongomani anajua artikle 15, hata yule asiyejua kusoma. Hakuna aliyetufundisha darasani, tulizaliwa tukaikuta: jipange, jitafutie njia. Wengi wetu tulivuka mpaka pale Petite Barrière tukiwa nayo kichwani.

Kijana moja wa kikundi chetu hapa Rubona, wa miaka 19, alisimamishwa na polisi jioni juu kinga yake haikuwa na taa. Alikuwa ametoka kuuza sambaza. Akatoa faranga 2.000: "Afande, kunywa soda." Taa pengine ingemletea faini tu. Soda ilimpeleka rumande, na kesi yake haijaisha.

Nilipoenda kumuona aliniuliza: "Yaya, mie nilikuwa namupatia heshima. Kwetu si njo vile banafanyaka?"

Swali lile limeninyima usingizi. Ni haki mtu aadhibiwe kwa sheria asiyoijua? Sheria yenyewe inajibu kwa kifupi: kutojua si utetezi. Hata Mkataba wa 1951 unaotulinda sisi wakimbizi unasema, artikle ya 2, kwamba mkimbizi ana wajibu wa kufuata sheria za nchi iliyompokea. Naelewa sababu. Kama kutojua kungemuokoa mtu, kila mtu angefumba macho. Lakini kumwambia kijana "ungejua" na wewe uliyetangulia kufika hukumwambia kitu, hiyo nayo si haki. Sehemu ya kosa ni yetu.

Basi tukaanza kujifunza kila Jumamosi. Kwamba hapa Rwanda mtoto anaweza kujibu kesi ya jinai kuanzia miaka 14. Kwamba polisi na mahakama si kitu kimoja: kuna RIB wanaochunguza, kuna mwendesha mashtaka, kuna jaji. Kwamba RIB hawaruhusiwi kumshika mtu zaidi ya siku 5 bila kumpeleka faili kwa mwendesha mashtaka, na una haki ya wakili. Halafu rushwa: sheria ya 2018 inampa anayetoa na anayepokea kifungo cha zaidi ya miaka 5 mpaka 7, na faini mara 3 mpaka 5 ya kile kilichotolewa. Hapo wote walinyamaza.

Moja akauliza: "Na kwetu je?" Tukatafuta. Kumbe kodi penali ya Kongo, ya mwaka 1940, nayo inakataza rushwa. Sheria tulikuwa nayo siku zote. Lakini kila askari aliyepokea mkono wetu alitufundisha kwamba haipo, na yeye tulimuona kila siku, kitabu hatukukiona.

Mwingine akasema: "Basi Yaya, ni woga tu. Hapa wangekuwa wanapokea, na sisi tungetoa." Alisema kweli, na ikaniuma. Sheria inayoshikwa kwa woga peke yake inabaki hapa siku tutakaporudi nyumbani.

Ndipo nikawaambia habari ya mama. Nilikuwa mdogo, tukienda Goma na gunia moja la maharagi. Kwenye bariyeri, waliotangulia walitoa madesu ya bana, wakapita. Mama hakuwa na kitu mkononi. Gunia likabaki pale. Madesu ya bana, maharagi ya watoto: na yale yalikuwa yetu, watoto wake. Wale waliotangulia hawakumuibia mama, na wala hawakuwa watu wabaya. Lakini ni wao, pamoja na wengine kabla yao, walioipa ile bariyeri bei.

Siku ya kuona wafungwa nitampelekea yule kijana sabuni. Sitamwambia ana roho mbaya, juu hana. Nitamwambia habari ya lile gunia, halafu nimuulize: ile heshima uliyotaka kumpa afande, asiye na faranga 2.000 angeitoa wapi?